Namba ya mtu kwenye karatasi ya badia

Alasiri moja nilinunua badia Chake Chake, Pemba, karibu na stendi, njaa imenikamata vibaya. Dada muuzaji akazifunga kwenye karatasi kama siku zote, chatne akanitilia kwenye kifuko pembeni, nikapanda gari ya Wete nkakaa dirishani nkala. Nilipomaliza ndo nikaitazama ile karatasi. Mafuta yameifanya ing'ae mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana, nkaigeuza, kumbe ni fomu iliyojazwa.

Jina la mwanamke, majina matatu. Tarehe ya kuzaliwa. Shehia. Namba ya simu. Namba ya Zan ID, kitambulisho chetu cha Zanzibar, tarakimu zote, kila moja ndani ya kisanduku chake kwa peni ya buluu. Mwandiko ni wa mtu aliyemjazia, maana chini, pahala pa saini, palikuwa na dole gumba la wino, limekaa sawasawa, mistari yake yote unaiona.

Juu kulikuwa na nembo ya ofisi. Siitaji, na kuitaja kusingesaidia kitu, kwa sababu kwa tunavyozijua ofisi zetu ingeweza kuwa yoyote.

Sikuweza kuitupa.

Nikaikunja nikaitia ndani ya daftari langu na humo ikakaa wiki kadhaa. Kila nikifungua daftari naiona. Kuichana naona kama namchana mtu, kuirudisha ofisini naona ndo wale wale walioitoa, na kukaa nayo mie pia naona sina haki nayo. Kaka yangu nilipomuonesha akanambia choma basi, unajipa kazi gani. Lakini nikichoma mie hii moja, pale stendi kuna bunda zima chini ya meza ya badia.

"Mwenye namba yangu si ndo serikali?"

Mwisho nikapiga ile simu. Niliogopa kidogo, nkijiuliza nitaanzaje, mtu humjui unampigia unamwambia una taarifa zake. Lakini nikasema ana haki ya kujua karatasi yake iko wapi.

"Asalaam alaykum bi mkubwa."

"Waalaykum salaam."

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza kama ndiye fulani bint fulani, akasema ndiye. Nikamwambia nina karatasi yake hapa, ina namba yake ya kitambulisho, nkaanza kumsomea ile namba ili ajue sisemi uongo. Hata katikati sijafika, akanikata.

"Aa, ndo nyie! Nimekusubirini mno mwanangu. Ile pesa ishatoka?"

Nikanyamaza, na ule unyamavu wangu yeye akauchukua kama namsikiliza, basi akaendelea. Akanieleza kwamba mara ya mwisho pesa iliingia kwenye simu ya kijana wake, kijana sasa yuko Unguja anafanya kazi, akaniuliza kama naitaka namba yake, halafu akanambia laini anayotumia sasa hivi ni hii hii na namba ya siri ameandikiwa na mjukuu kwenye kipande cha boksi, kama naihitaji nisubiri akaichukue ndani.

Jina langu alikuwa hata hajaniuliza.

"Ngoja kwanza mama, mie si mtu wa ofisi."

"Sasa namba yangu umeijuaje?"

Nikamueleza, badia na karatasi na yote. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Nikamwambia namba ya siri asimpe mtu yeyote, hata akipigiwa na mtu anayemsomea namba ya kitambulisho chake neno kwa neno, asimpe. Akanisikiliza, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli kweli:

"Lakini mwanangu, mwenye namba yangu si ndo serikali?"

Na kisha: "Sasa mie nifanye nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Haya ninayoyaandika yametokana na lile swali lake.

Lete kopi

Tunaijua safari yetu sote, sina haja ya kuisimulia. Unataka kumuandikisha mtoto skuli, lete kopi. Unataka kuvutiwa maji, lete kopi. Barua ya sheha, kopi. Laini, benki, kiwanja, msaada, mkopo wa kikundi, hitima tu ndo bado hatujaombwa kopi.

Na kopi hizo tunazitoa wapi? Stashenari. Juzi nilikaa stashenari moja nikisubiri kuprintiwa kitu, kijana akaniachia kiti chake nitafute faili langu mwenyewe kwenye kompyuta. Skrini nzima imejaa. Mafolda yenye majina ya watu, picha za vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, barua za sheha zenye muhuri, pasipoti za watu wa hija, vyote vimekaa wazi, na flashi za watu zinaingia na kutoka humo kutwa nzima. Nilipomuuliza mbona hafuti akanambia wateja wenyewe hurudi, "tena hawaji na kitu mkononi, wanakwambia kile cha siku ile si unacho?"

Kweli, wanarudi. Mie mwenyewe nimewahi kumsikia mtu anafurahi kwamba kitambulisho chake kipo stashenari, amani, hata akikipoteza.

Halafu kuna magrupu. Orodha za walioitwa usaili, orodha za wanufaika wa hichi na kile, inatumwa pidiefu kwenye grupu la shehia, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mstari kwa mstari, na kila mtu anaisambaza kwa nia njema kabisa ili jirani asikose nafasi. Sina ubaya na wanaosambaza. Aliyeitengeneza ile orodha ndo alipaswa kujiuliza, kumwambia mtu kwamba ameitwa kwenye usaili kunahitaji namba yake nzima kweli?

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu ishirini, na zile nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo ukiiona tu ushajua na umri wa mtu. Huyo akiwa na simu yako na jina lako la tatu na jina la sheha wenu, akikupigia utamwita mwanangu.

Wenzetu walianza zamani

Nikaanza kusoma, usiku usiku, na nilichokikuta cha mwanzo kilichonikalisha ni cha Marekani, kwa sababu wao hili la namba moja kwa mtu mmoja wamelianza 1936. Ile namba yao ya hifadhi ya jamii ilitolewa kwa kazi moja tu, kuhesabu mshahara na michango ya mfanyakazi ili akizeeka alipwe. Tangu 1946 mpaka 1972 kadi zenyewe ziliandikwa kwamba si kwa ajili ya utambulisho.

Imeandikwa kwenye kadi. Na bado watu wakaitumia kwa utambulisho, kwa sababu kila ofisi iliyohitaji kumtofautisha mtu na mtu iliona namba tayari ipo, ya nini kutengeneza nyengine? Idara ya kodi ikaichukua, jeshi likaichukua mwishoni mwa miaka ya sitini, benki, vyuo, hospitali.

Kuna kisa chao kimoja nimekisimulia kwa kila mtu mwezi huu. Mwaka 1938 kiwanda kimoja cha mapochi kule Lockport, New York, kilitaka kuwaonesha wateja kwamba kadi inaingia vizuri kwenye pochi, basi wakachapisha kadi ya mfano na kuitia ndani ya kila pochi, na namba waliyoichapisha ilikuwa namba ya kweli ya katibu muhtasi wa kampuni. Pochi zikauzwa kwenye maduka ya Woolworth nchi nzima. Kadi yenyewe ilikuwa nusu ya saizi, wino mwekundu, imeandikwa kabisa kwamba ni mfano, na bado watu wakaichukua wakaitumia kama yao. Mwaka 1943 walikuwa watu 5,755 wanaotumia namba ya yule mama, na kwa miaka yote wanahesabiwa zaidi ya 40,000. Ilibidi afutiwe akapewa namba mpya. Mpaka 1977 kulikuwa bado na watu kumi na wawili wanaitumia.

Yule mama hakufanya chochote. Alikwenda kazini tu.

Nilipofika hapo nkamkumbuka bi mkubwa wangu wa Pemba na kijikaratasi chake, nkaona hili jambo halina haja ya mwizi hodari wala kompyuta. Linahitaji ofisi moja tu iliyoamini namba ya mtu ni kitu chake cha kuchezea.

Baadae ndo ikaja sheria. Mwaka 1974 Bunge lao lilipitisha sheria ya faragha, na kifungu chake cha saba kinasema kwamba ofisi ya serikali, iwe ya taifa, ya jimbo au ya mji, haitamnyima mtu haki au huduma kwa sababu tu amekataa kutoa namba yake, isipokuwa pale sheria ya taifa inapoitaka namba hiyo. Na ofisi inayoiomba lazima imwambie mtu mambo matatu: kutoa ni lazima au hiari, ni kwa mamlaka ya sheria ipi, na namba itatumika kwa kazi gani.

Mambo matatu tu. Yanaenea kwenye bango moja la ukutani.

Lakini kuna mlango waliuacha. Mifumo iliyokuwepo kabla ya tarehe 1 Januari 1975, ambayo tayari ilikuwa inadai namba kwa sheria au kanuni ya wakati huo kuthibitisha mtu ni nani, iliachwa iendelee. Ya zamani ikapita na zamani yake. Na kifungu chenyewe kinazibana ofisi za serikali tu, kampuni hazimo. Matokeo yake kadi za matibabu za wazee zilikuwa na ile namba mpaka zilipoanza kubadilishwa 2018, na 2017 kampuni moja ya taarifa za mikopo, Equifax, ikavujisha taarifa za watu kama milioni 147, namba zimo. Mwaka huo huo 2017 ndo wakatunga sheria ya kuzizuia ofisi za serikali kuu kuiandika namba nzima ya mtu kwenye barua zinazokwenda posta bila ya ulazima. Kutoka 1936 mpaka 2017.

Vitambulisho viwili, mapaa mawili

Sasa turudi kwetu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Nimeisoma. Ni sheria nzuri, nasema hivo kwa moyo mmoja. Inamtaka anayekusanya taarifa akwambie ni za nini kabla hajakusanya, azitumie kwa kazi ile ile, asizikusanye zaidi ya anavyohitaji, asikae nazo muda kupita haja, azilinde. Mtu akizitoa taarifa za mwenzake kinyume cha sheria anaweza kupigwa faini kuanzia laki moja mpaka milioni 20, au jela mpaka miaka 10, au vyote pamoja. Kampuni ni milioni moja mpaka bilioni 5.

Nilifurahi mno, nikataka kumpigia bi mkubwa wangu usiku ule ule.

Halafu nikarudi kusoma kifungu kinachosema sheria hii inatumika wapi. Inasema Tanzania Bara na Tanzania Zanzibar, isipokuwa kwa Zanzibar haitahusika na mambo yasiyo ya Muungano.

Nikaweka simu chini.

Kwa sababu angalia inavyokwenda. Simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo kopi ya NIDA ninayompa wakala wa laini pale Chake ina sheria ya 2022 juu yake. Benki vilevile. Lakini maji yetu, ardhi yetu, hospitali zetu, skuli zetu, pensheni jamii ya wazee wetu, hayo ni ya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Zan ID yenyewe inatolewa kwa sheria ya Zanzibar, ya 2018, ile ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kwa nionavyo mie, fomu ya bi mkubwa ilikuwa upande wa pili wa mstari. Mwanamke mmoja, mkoba mmoja, kadi mbili zimelala pamoja, moja ina paa lake na nyengine ina paa jengine kabisa, na yeye hana habari kama kuna mstari.

Mtu ataniambia Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 15 inalinda faragha. Kweli, inalinda, na naiheshimu. Lakini bi mkubwa alieniuliza "nifanye nini" ndo nimwambie aende Mahakama Kuu na karatasi yenye mafuta ya badia? Na sheria ya 2018 kazi yake ni usajili, uzazi, vifo, ndoa, talaka, vitambulisho. Mie swali langu halimuhusu anayesajili. Namuuliza yule wa tatu, ofisi iliyoomba kopi, ikapewa, ikajaza kabati.

Nataka kusikia kwa lugha nyepesi, kwa kila ofisi ya SMZ, ni nani anaulizwa karatasi ikionekana mtaani.

Shaka niliyokaa nayo

Sitaki kuonekana nataka namba zifutwe, sie watu wa visiwani tunajua mtu kuandikwa kuna maana gani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, imebeba watu wengi mno kupita uwezo wake, na kulipokucha orodha ya kuaminika ya abiria haikuwepo. Watu walikuwa wanazunguka na picha za jamaa zao. Nani hana mtu aliyempoteza mule? Tangu wakati ule kila nikiulizwa kitambulisho nikikata tiketi ya boti natoa bila ya neno. Nataka jina langu liwepo.

Na Wapemba wa umri wangu kuendelea juu wanakumbuka 2009, uandikishaji wa daftari la wapiga kura, mzozo ulivyokuwa kwa watu wasiokuwa na Zan ID. Kitambulisho kwetu ni kitu ambacho watu wamekilalia foleni na wengine wamekililia. Kwa hiyo mtu akiniambia "usimpe mtu kitambulisho chako" naona hajui anachokisema. Usipotoa huhudumiwi, na bi mkubwa hana uwezo wa kubishana dirishani.

Shaka yangu kubwa ilikuwa hii. Namba ambayo umeshaitoa skuli, hospitali, kwa sheha, stashenari, kwa wakala wa laini, kwenye msikiti siku ya kuandikisha sadaka ya futari, je hiyo ni siri tena? Sheria itailinda siri gani? Nikakaa na hilo siku nyingi, nikaona labda napigania kitu ambacho kimeshamwagika.

Kilichonigeuza ni kusoma habari za Estonia. Wao namba yao ina tarakimu 11, ndani yake mna jinsia na tarehe ya kuzaliwa, na hawaifanyi siri. Lakini ukiijua namba ya mtu pale huwezi kuitumia peke yake kuthibitisha wewe ndo yeye. Lazima uwe na kadi yenyewe mkononi, au simu iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, na namba yake ya siri. Namba inasema fulani ni nani, basi. Haisemi kwamba anaeitaja ndiye fulani.

Hapo ndo nikayaelewa vizuri maneno ya bi mkubwa. Sisi tumezoeshwa na ofisi zenyewe kwamba mwenye kuijua namba ndo mwenye mamlaka. Ofisi ikikupigia inakusomea namba yako ili uiamini. Na tapeli anafanya vivyo hivyo, na sauti yake ni ya upole zaidi. Kwa hiyo tunahitaji vitu viwili kwa pamoja, namba isisambae ovyo, na ofisi au wakala yeyote asikubali namba tupu kuwa ni uthibitisho wa mtu. Kimoja bila ya chengine hakitoshi.

Wakenya wamenipa na la tatu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu yao ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba, vitambulisho vyao vipya vya taifa, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa za watu, kama sheria yao ya 2019 inavyotaka. Yaani unaulizwa kabla hujakusanya. Nimelipenda sana hilo.

Pale kaunta

Wiki ya juzi nilikuwa na shughuli zangu kwenye ofisi moja, nikaombwa kopi ya Zan ID. Nikaitoa mkobani, nkaishikilia, nkamuuliza yule kijana kwa adabu tu: hii ni lazima au hiari? Na sheria gani inaitaka? Na mtaitumia kwa kazi gani?

Akanitazama kama nimemsomea shairi. "Dada, fomu ndo ilivo. Imeandikwa ambatanisha kopi."

Hakuwa na ubaya, wallahi. Hakuwahi kuulizwa. Nyuma yake alikaa bwana mmoja mtu mzima, miwani imeshuka puani, akasikia, akanyanyuka akaja. Akaichukua ile fomu akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza. Halafu akasema maneno ambayo sikuyategemea.

"Kusema kweli hatuzitumii. Namba tunaiandika kwenye rejista ukiwa upo hapa, kadi tunaiona kwa macho. Kopi tunabandika tu."

"Sasa zinakwenda wapi?"

Akanionesha kwa kidevu. Pembeni ya mlango wa stoo maboksi yamepangana mpaka karibu na dirisha, mengine yamepasuka, karatasi zimechomoza pembe, zimepauka kwa jua. Nikamuuliza na yakijaa? Akasema zamani walikuwa wakichoma nyuma ya jengo, siku hizi kuna watu huja kuziomba, wanachukua, pahala panapatikana.

"Wa nini?"

"Wa biashara zao ndogo ndogo," akasema. Halafu akasita, akavua miwani. Naona na yeye ndo ilikuwa mara ya mwanzo kulisikia likitoka mdomoni mwake. "Lakini hili si zuri, ee?"

Nikamwambia si zuri, ami. Nikamuhadithia kuhusu bi mkubwa, na simu, na namba ya siri kwenye kipande cha boksi. Yule kijana akaacha kupiga muhuri akasikiliza. Bwana yule akanirudishia kopi yangu, akanambia nikalete kadi tu aione, na shughuli yangu ikamalizika vizuri bila ya kopi. Akanambia atalisema kwenye kikao chao. Namuamini.

Lakini alinirudishia kwa hiari yake na roho yake njema. Angekuwa siku hiyo hayupo, kopi yangu ingekuwa ndani ya boksi.

Niliyomuandikia mwakilishi

Nimempigia tena bi mkubwa. Nimemwambia apige *106# na mjukuu wake, aangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na meseji za utapeli azipeleke 15040. Nimemwambia akipigiwa na anayejitia mtu wa ofisi akate, aende ofisini mwenyewe au amtume kijana wake. Ndo nilichoweza kumpa, na sikuridhika, kwa sababu yote hayo nimemtwika yeye, na aliyeitoa karatasi yake sijamtwika kitu.

Ndo nikamuandikia mwakilishi wa jimbo letu, kabla Baraza la Wawakilishi halijakaa tena. Barua si refu. Nimemuomba alisimamie suala la sheria kwamba ofisi yoyote ya SMZ, wilaya, manispaa, baraza la mji, shehia, inayoomba namba ya kitambulisho cha mtu imwambie yale mambo matatu kwa Kiswahili, kwenye fomu yenyewe, na asinyimwe huduma kwa kuuliza. Pale inapotosha kuiona kadi kwa macho, kopi isichukuliwe. Orodha zikibandikwa ukutani au kutumwa kwenye magrupu, namba isiandikwe nzima. Pawe na pahala pa kupeleka malalamiko huku huku Pemba, na bi mkubwa asiulizwe kwanza karatasi yake ni ya Muungano au si ya Muungano, ofisi zenyewe ndo zijuane, Tume ya kule na wetu wa huku. Na nimemuomba adhabu imfikie mkuu wa ofisi, isiishie kwa kijana wa kaunta ambaye fomu aliikuta.

La mwisho nimeliandika kwa herufi kubwa. Yale maboksi. Marekani 1974 mifumo ya zamani waliiacha ipite, na wamehangaika nayo miaka na miaka. Sheria yetu ikija, isianze na fomu mpya peke yake. Karatasi zilizokwisha kujaa makabatini na mastoo zitolewe ofisi kwa ofisi, wilaya kwa wilaya, Micheweni mpaka Mkoani na Unguja yote, zinazohitajika zifungiwe kwa ufunguo na ijulikane ufunguo anao nani, na zisizohitajika zichomwe mbele ya sheha na watu wawili watatu wa shehia, iandikwe zimechomwa tarehe gani na nani alisimamia.